Riwaya Sita, Bila Maswali ya Mtihani

Mhariri aliniomba niandike kuhusu riwaya nilizosoma tangu muhula wa Oktoba uanze, akaniwekea sharti moja: zisiwe zile zilizomo katika orodha ya somo letu la fasihi. Nami nikajiongezea sharti langu. Sitaandika habari za fani na maudhui, wala sitaorodhesha dhamira kuu na dhamira ndogo ndogo. Wenzetu waliosoma sekondari Kenya wananiambia kwamba Utengano na Kidagaa Kimemwozea walizisoma pamoja na miongozo yake mpaka zikawatoka puani, na hadi leo wakiona jalada la mojawapo hukumbuka kalamu nyekundu ya mwalimu kabla ya kumkumbuka mhusika yeyote. Sisi tuliokulia hapa Uingereza tuna tatizo la upande wa pili. Kiswahili tunacho mdomoni. Tunakisema jikoni, msibani, na kwenye simu na bibi. Lakini ukimpa mmoja wetu kitabu cha kurasa mia mbili atalisifu jalada lake, atakiweka mezani, na hapo ndipo kitakapokaa.

Hizi basi ni riwaya sita nilizozisoma kwa kutaka tu, nyingine ndani ya treni, nyingine usiku, katika miezi ile ambayo jua la hapa huzama saa kumi alasiri. Ipo ya ujasusi, ipo ya upelelezi, ipo ya mapenzi na siasa, ipo ya tafsiri, na mbili ni za mwandishi mmoja ingawa ungeapa zimeandikwa na watu wawili. Kuna niliyoipenda kupita kiasi na kuna iliyonishinda. Pia nina ombi kuhusu kikundi chetu cha usomaji, kwa sababu kura ya kitabu cha muhula ujao inakaribia na nimeshasikia minong'ono kwamba tutachagua tena tamthilia fupi ili tumalize mapema.

Nianze na nyepesi. Kikosi cha Kisasi cha A. E. Musiba kilitoka mwaka 1979. Shujaa wake ni Willy Gamba, jasusi wa Tanzania, mtanashati, hodari wa bastola na dhaifu mbele ya mwanamke mzuri. Kisa kinampeleka Kinshasa kupambana na mawakala wa makaburu wanaowaua wapigania uhuru. Nilikimaliza kwa siku mbili. Wanawake wa kitabu hiki wameumbwa kwa ajili ya macho ya Willy, na risasi zina adabu ya ajabu: zinampata kila mtu isipokuwa yeye. Nayasema haya mapema ili dada zangu wa chama wasije wakanilaumu.

Hata hivyo, kuna jambo lililonifanya nisikiweke chini. Tumezoea kumsikia Willy akiitwa James Bond wa Tanzania. Lakini Bond analinda dola iliyokwisha kuwa kubwa, wakati Willy Gamba analinda watu ambao bado hawana nchi. Mwaka kitabu hiki kinatoka, Zimbabwe ilikuwa haijapata uhuru, Namibia bado, Afrika Kusini ndiyo kabisa. Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikuwa na makao yake Dar es Salaam, na wapigania uhuru waliishi humo mjini, wakipanda mabasi yale yale waliyopanda wasomaji wa Musiba. Kwa msomaji wa wakati ule, mtu anayeuawa katika sura ya kwanza angeweza kuwa jirani yake.

Mwenzetu mmoja wa chama, mzaliwa wa Bukavu, aliifungua sehemu ya Kinshasa akacheka. "Kiswahili kiko kwetu mashariki, dada," akaniambia. "Kinshasa ungeniita nikutafsirie Kilingala." Kisha akakiomba kitabu kwa wikiendi moja. Hiyo ni wiki ya tano sasa. Amesema hajawahi kusoma riwaya ya Kiswahili mpaka mwisho, kwa sababu zote alizopewa hapa chuoni zilikuwa na maneno ya pwani kila mstari, na hii anaielewa. Sijamdai. Nakala yenyewe si yangu wala si ya maktaba. Ni ya baba wa rafiki yangu, aliyekuja nayo kutoka Dar es Salaam ndani ya sanduku moja na dagaa. Maktaba yetu haina hata kitabu kimoja cha Musiba. Wataalamu huziita hizi riwaya pendwa, na inavyoonekana kitu kikishapendwa na watu wengi hakihitaji tena kununuliwa na chuo kikuu.

Sasa nije kwenye kile nilichokipenda. Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla wa Unguja kilishinda mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau ya 1957 na 1958, kikachapishwa mwaka 1960. Ndicho kinachotajwa kila mahali kuwa mwanzo wa riwaya ya upelelezi ya Kiswahili. Maiti ya tajiri mmoja, Bwana Ali, inakutwa kwenye mzimu, mahali ambapo watu wanapaogopa, na hofu hiyo inakuwa sehemu ya fumbo lenyewe. Anayelifumbua ni Bwana Msa, mtu wa kiko mdomoni na maneno ya taratibu, asiyekubali kwamba mizimu inaua. Angalieni na jina lake: Msa ni herufi za mwanzo za jina la mwandishi mwenyewe. Kila mtu anasema kwamba nyuma ya Bwana Msa amesimama Sherlock Holmes, na ni kweli, ila nadhani sifa hiyo inaficha kile ambacho Holmes hana.

Holmes anaangalia. Anaangalia majivu, matope kwenye kiatu, kucha. Bwana Msa naye anaangalia, lakini zaidi anasikiliza. Hii ni riwaya ya watu wanaozungumza. Hakuna anayekwenda moja kwa moja kwenye jambo lake. Kwanza salamu, kisha hali za nyumbani, kisha mzaha, kisha jambo lenyewe linapitishwa kwa mlango wa uani kama vile halikukusudiwa. Mtu aliyezoea riwaya za Kiingereza ataona hapa muda unapotea. Mimi niliyekulia katika nyumba ambayo mgeni hawezi kuulizwa amekuja kufanya nini mpaka anywe chai, niliona upelelezi wenyewe ndio huo. Ukitaka kujua nani anaficha kitu, msikilize anavyoamkia.

Lugha yake si rahisi. Ni Kiunguja cha zamani, kipana, chenye mafumbo, na kamusi niliyonayo iliniacha njiani mara nyingi. Kwa hiyo nikampigia simu bibi, Unguja. Nikamsomea sentensi tatu na kumwuliza maana ya neno moja. Akanieleza, kisha akasema, "Mke mwenzangu, endelea basi, usinikatie hapo." Nikaendelea. Toka siku hiyo ikawa kila Jumapili, baada ya yeye kuswali adhuhuri, namsomea kurasa kumi au kumi na tano. Wakati mwingine ananirekebisha namna ya kulitamka neno, wakati mwingine anacheka mahali ambapo mimi sikuona kichekesho, na nikimwuliza anasema, "We soma, utakuja kucheka ukiwa mkubwa." Bibi alisoma chuoni, Kurani na Maulidi, riwaya hakuwahi kuisoma maishani mwake wala hakuona ni kitu cha kumhusu. Alimtaja muuaji wiki mbili kabla yangu, na mpaka leo hataki kuniambia alijuaje.

Kuna jambo moja la kitabu hiki lililonisumbua, nalo sikuliona mpaka nilipofungua kingine. Zanzibar ya Bwana Msa imetulia. Wapo matajiri, wapo wafanyakazi wao, wapo masheha na askari, na kila mmoja anaonekana kujua mahali pake pa kukaa barazani. Lakini mashindano yale yalikuwa ya 1957 na 1958! Uchaguzi wa kwanza Zanzibar ulifanyika Julai 1957, na miaka inayoufuatia wazee wetu wanaiita zama za siasa: watu waligomeana maduka, waligomeana hata misiba. Januari 1964 yakaja Mapinduzi. Hayo yote yamo nje ya ukuta wa Mzimu wa Watu wa Kale. Simlaumu Abdulla, aliandika fumbo, na fumbo linataka ulimwengu uliopangwa vizuri ili lile jambo moja lililopangua lionekane. Ila msomaji anapaswa kujua kwamba amekaribishwa sebuleni, na kwamba nyumba ina vyumba vingine.

Chumba kingine ni Vuta N'kuvute cha Adam Shafi. Mji ni ule ule, miaka ni ile ile ya mwisho ya Mwingereza, lakini safari hii tunauona kutokea Ng'ambo. Shafi aliichapisha mwaka 1999, na alikuwa tayari na mengi nyuma yake: Kasri ya Mwinyi Fuad, Kuli, na kifungo alichowekwa baada ya kuuawa kwa Rais Karume mwaka 1972, ambacho baadaye alikiandikia Haini. Wengi wenu mnaijua hadithi kupitia filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021. Yasmin, msichana wa Kihindi, anaozwa kwa Raza, mwenye duka aliyemzidi umri kwa mbali sana. Anamkimbia. Mama yake hampokei. Anayempokea ni Mwajuma wa Ng'ambo, mwenye chumba kidogo na moyo usio na kuta, na huko ndiko anakokutana na Denge, aliyerudi kutoka masomoni Urusi na kuchagua kupambana na serikali ya kikoloni kwa siri, huku makachero wakimnusa kila anapokanyaga.

Ukiisoma baada ya Bwana Msa unashtuka. Polisi, ambao kule walikuwa watu wa kuja kuchukua maelezo, hapa ndio wanaovunja mlango usiku. Siri, ambayo kule ilikuwa kosa la mtu mmoja, hapa ni njia ya watu wengi ya kubaki hai. Nilirudi nyuma mara kadhaa kuhakikisha kwamba waandishi hawa wawili wanaeleza kisiwa kimoja. Wanaeleza kisiwa kimoja. Mmoja aliandika akiwa ndani ya miaka ile, mwingine aliandika miaka arobaini baadaye akijua yote yaliyofuata, na kila mmoja alichagua aina ya riwaya iliyomruhusu kuona upande wake.

Juu ya kitabu hiki chama kimegawanyika, na naona ni afadhali mgawanyiko huo uandikwe kuliko ubaki kwenye makundi yetu ya simu. Mwenzetu mmoja ni wa Leicester, wa asili ya Kihindi; bibi yake mzaa mama alizaliwa Unguja akaondoka baada ya 1964, na Kiswahili cha nyumbani kwao ni kizuri kuliko cha wengi wetu tunaojiita wenyewe. Nilimwazima Vuta N'kuvute nikidhani nampa zawadi. Alikimaliza kwa usiku mmoja akanirudishia akiwa amekasirika. Akaniuliza, "Kwa nini uhuru wa Yasmin lazima uanzie kwenye mlango wa kutoka kwetu?" Alisema kwamba ukimwondoa Yasmin, Wahindi wa kitabu hiki ni duka, pesa na aibu. Hawaoti ndoto, hawaimbi, hawana swali wanalojiuliza usiku.

Nimelifikiria hilo kwa wiki nyingi. Kwa sehemu ana haki. Raza anachekwa zaidi ya anavyoeleweka, na mama yake Yasmin nilitamani nimpate kwa kurasa kumi tu akiwa peke yake chumbani, baada ya kumfukuza mwanawe. Mwandishi mwenye mapenzi makubwa kwa watu wake wa Ng'ambo angeweza kumudu kurasa hizo. Lakini sikubali kwamba Shafi anampeleka Yasmin peponi. Ng'ambo yake ina njaa, ina wanaume wanaohesabu wema wao, ina uvumi. Na Denge, ambaye kila msomaji wa kike wa chama hiki amemfikiria angalau mara moja, anampenda Yasmin kwa muda ule tu anaobaki nao baada ya siasa. Yasmin anavutwa huku na anavutwa kule, kama jina la kitabu linavyosema, na sioni mahali ambapo Shafi anatuambia upande mmoja wa kamba ni msafi.

Mabishano yetu hayajesha, lakini yamezaa jambo. Mwenzetu huyo alimpigia bibi yake kumwuliza kama aliwahi kumjua msichana kama Yasmin. Kabla ya hapo, anasema, hawakuwahi kuzungumza habari za Unguja isipokuwa za vyakula. Bibi hakusema mengi. Alitaja mtaa, akataja majirani, akataja msichana mmoja ambaye jina lake lilikatazwa nyumbani kwao baada ya siku fulani. Kisha akasema amechoka. Wiki iliyofuata alipiga mwenyewe.

Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi nilikuwa nikiikwepa. Mama yangu, aliyesoma Tanga, aliponiona nayo aliuliza, "Nani kakupa kitabu hicho?" kwa sauti ambayo watu huulizia sigara. Kilipotoka mwaka 1971 kilileta kelele kubwa na kilizuiwa shuleni kwa muda, na sifa hiyo ya kitabu cha wakubwa imesafiri na mama mpaka huku kwenye baridi. Rosa ni binti wa kwanza wa Zakaria na Regina, katika kisiwa cha Ukerewe alikozaliwa mwandishi mwenyewe. Zakaria ni mlevi. Siku anapoishika barua ambayo kijana aitwaye Charles amemwandikia Rosa, anampiga binti yake kipigo ambacho hadithi nzima haiponi tena. Rosa anakua akiwaogopa wanaume, kisha anakwenda shule ya bweni, mbali na jicho la baba, na hapo ndipo yanapoanza.

Walimu wetu husema ni riwaya ya malezi: ukimfungia mtoto asijue lolote, dunia itamfundisha kwa gharama yake. Ni kweli, na kurasa za mwanzo nilizisoma moyo ukinidunda kwa sababu barua ya Charles ni ujumbe wa simu, na katika nyumba zetu za huku simu za mabinti bado zinakaguliwa na za watoto wa kiume hazikaguliwi. Lakini kadiri nilivyosonga mbele nilianza kumwonea Rosa huruma kwa sababu nyingine. Kezilahabi anamtetea kwa mdomo na kumwadhibu kwa kalamu. Kila hatua ya uhuru wa msichana huyu inaandikwa kama daraja la ugonjwa. Wanaume wanaomtumia, wenye vyeo na elimu, wanapita tu, na mwandishi hawafuati kuwauliza chochote. Vifo vya mwishoni vinaanguka kama maembe kwenye upepo, kimoja juu ya kingine, mpaka nikaacha kulia.

Hata hivyo nilikimaliza, na nikamwachia mama juu ya kochi. Hakuniambia kama amekisoma. Alamisho limehama.

Mwandishi huyo huyo ndiye aliyeandika Nagona mwaka 1990, na ndiyo niliyosema ungeapa ni mtu mwingine. Katikati alikuwa amepita Chuo Kikuu cha Wisconsin huko Marekani kwa shahada ya uzamivu. Baadaye alifundisha Botswana, akafariki mwaka 2020. Rosa Mistika unaweza kumsimulia shangazi. Nagona huwezi kumsimulia mtu. Msimulizi anafika kwenye mji wa kimya, anatafuta kitu ambacho sina uhakika kama ni mnyama, ni mtu au ni ukweli, na njiani wanatokea wanafalsafa wa Ulaya ambao mnawajua kutoka vitabu vingine kabisa. Kurasa hazifiki mia. Zilinichukua wiki tatu. Kuna sentensi zilizonifanya nifunge kitabu na kutembea chumbani, na kuna sura nzima ambazo nilitoka nazo mikono mitupu. Kimenishinda, nasema wazi, na nawaomba walimu wetu watupe jioni moja kuhusu kitabu hiki, pasipo alama, na wao wenyewe watuambie ni wapi kinawashinda.

Nimebakiza Peponi. Abdulrazak Gurnah aliandika Paradise kwa Kiingereza mwaka 1994, akapata Nobeli mwaka 2021, na mwaka uliofuata Mkuki na Nyota wakatoa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Ndipo kwa mara ya kwanza mzaliwa huyu wa Zanzibar, aliyekuja Uingereza akiwa kijana na kufundisha Kent kwa miaka mingi, akasomeka kwa lugha ya mama yake. Mimi niliisoma kwanza kwa Kiingereza, kwa ajili ya somo, na nikaandika insha nzuri tu. Yusuf, mvulana wa miaka 12, anachukuliwa na mfanyabiashara Aziz aliyemdhani ni ndugu wa familia, kumbe amewekwa rehani kwa deni la baba yake. Anakaa dukani na Khalil, aliyekuja kwa njia hiyo hiyo. Anaichungulia bustani asiyoruhusiwa kuizoea. Anasafiri na msafara mpaka bara. Na pembeni Wajerumani wanakaribia.

Kwa Kiingereza, maneno kama mnyapara na seyyid yanasimama kwenye ukurasa kama wageni mlangoni, na msomaji wa Kizungu anayapitia kwa heshima. Kwa Kiswahili yamekaa, yamevua viatu. Hilo nililitarajia. Nisilolitarajia ni jinsi neno moja dogo lingenisimamisha. Kiingereza kina neno moja tu kwa ami na kwa mjomba. Yusuf anamwita Aziz kwa neno hilo, na uongo wote wa hadithi umejengwa juu yake, kwa sababu Aziz si ndugu yake wa upande wowote. Kiswahili hakikubali ukungu huo. Lazima uchague: mtu huyu anajifanya wa upande wa baba au wa upande wa mama? Ami ana haki juu yako, mjomba unamdai. Nilikaa na swali hilo siku nzima kabla ya kuufungua ukurasa kuona mfasiri aliamua nini. Sisemi aliamua nini. Kalitazameni wenyewe, kisha mwulizane kama mngeamua hivyo.

Na kuna Kalasinga, Singasinga mcheshi anayetangaza kwamba ataitafsiri Kurani kwa Kiswahili, na wenzake wanamcheka. Kwa Kiingereza nilicheka nao. Kwa Kiswahili nilichelewa kucheka, kwani nilikuwa nashika mkononi kazi ya mtu aliyefanya jambo la aina ile ile, kulichukua neno kutoka lugha yenye nguvu na kulileta kwetu, na sijui wangapi walimcheka kabla hajamaliza. Ile insha yangu ya Kiingereza ilizungumzia ukoloni, biashara na utumwa wa madeni, na yote ni sahihi. Peponi ilinifanya nimfikirie baba yake Yusuf, aliyekaa mezani akala chakula cha mwisho na mwanawe, naye anajua.

Sasa kura. Ombi langu ni kwamba muhula ujao tusichague kitabu kimoja bali viwili, tuvisome sambamba: Mzimu wa Watu wa Kale na Vuta N'kuvute. Najua watakaosema ni kurasa nyingi. Ni nyingi. Najua pia wanafunzi wa mwaka wa kwanza wataogopa Kiunguja cha Abdulla, na wenzetu wa Kongo wana haki ya kuuliza kwa nini kila mara Zanzibar. Kwa hao wa mwisho nina jibu nusu: anzeni na Willy Gamba, tuazimane, na mwaka kesho mtuletee ninyi kitabu. Kwa wa mwaka wa kwanza napendekeza tusome kwa sauti, watu wawili wawili, mmoja wa nyumbani na mmoja mwanafunzi wa lugha. Kilichokuwa kizito kwa macho yangu kilikuwa chepesi masikioni mwa bibi.

Sababu nyingine ni ya rafu. Maktaba yetu huhamishia ghala la nje ya mji vitabu visivyoazimwa kwa miaka kumi, na kitabu kikishakwenda huko huwezi tena kukikuta kwa bahati ukipita; lazima ujue jina lake na ujaze fomu. Nakala ya Mzimu ni moja tu. Kabla yangu, mhuri wa mwisho ulikuwa wa 2009. Sielewi ilisahauliwaje hapo ilipo. Vuta N'kuvute ziko mbili, na zote mbili zimechoka kwa kusomwa, hizo hazina hatari. Nagona ni moja, safi kama ilivyonunuliwa, kwa hiyo hata kama hamna nia ya kuisoma nendeni mkaiazime.

Peponi chama kinayo nakala yake, ipo kabatini kwa katibu. Foleni ina watu wanne. Mzimu wa Watu wa Kale ninayo mimi mpaka tarehe 6 Machi. Anayeitaka anijulishe kabla sijairudisha, ili iandikwe kwa jina lake siku hiyo hiyo. Kama kuna yeyote mwenye Kisima cha Giningi, hata iliyochanika, naiomba kwa mwezi mmoja. Bibi ameshauliza mara tatu.